Walipopima Udongo wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike aliponipigia simu kusema anataka udongo wa kiwanja chake upimwe kabla hajajenga, nilicheka kwa sauti mpaka wateja waliokuwa kibandani kwangu wakageuka. Ninashona nguo mjini Babati, si mbali na soko, na siku ile nilikuwa na sare ya kwaya mkononi. Kupima udongo! Sisi huku kijijini Singe tumejenga maisha yetu yote kwa kuchagua mahali, kumwita fundi, fundi anachimba msingi mpaka anaposema panatosha, kisha mawe yanapangwa. Nani aliwahi kuupima udongo kama damu ya mgonjwa?

Nilicheka, lakini rohoni nilikuwa nimeungua. Nilikuwa naona wivu, na nikianza kuona wivu huwa nacheka kwanza.

Niseme tu ukweli kuhusu nyumba yangu. Iko kwenye udongo mweusi, ule wa mfinyanzi, ambao kiangazi unapasuka nyufa za kummeza kifaranga, na masika unavimba na kunyanyua kila kitu kilicho juu yake. Mlango wa chumba changu haufungi mvua zikishika. Kiangazi unafunga vizuri, ila unaacha upenyo chini ambao panya anapita bila kuinama. Ukuta wa sebule una ufa kutoka kwenye kona ya dirisha hadi kwenye lenta. Niliuziba kwa saruji, ukafunguka. Niliufunika kwa kalenda, ukatokeza upande wa pili wa kalenda. Wageni wakija wanautazama ufa kwanza, ndipo wananisalimia.

Na juu yangu, mwendo mfupi tu kupanda mteremko, palikuwa na kiwanja cha mdogo wangu. Udongo mwekundu. Barabara inapita mlangoni. Ukisimama pale unaliona ziwa la Babati lote, na asubuhi unauona mlima Kwaraa umejifunika mawingu. Kwangu chini unaona mabati ya majirani na migomba.

Ardhi yote ilikuwa ya baba. Kabla hajafa alituita, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, akasema, "Huyu mdogo apewe pa bibi. Mkubwa achukue chini." Basi. Hakueleza, na kwetu mtoto hamuulizi baba sababu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwogesha mwaka mzima wa ugonjwa wake. Mimi ndiye niliyejua ni mguu upi unauma na ni uji gani unakaa tumboni. Mdogo wangu alikuja kwa basi kutoka Dodoma, akakaa siku chache, akapewa pa bibi, akarudi kazini.

Pa bibi ndivyo tulivyopaita mahali ilipokuwa nyumba ya babu na bibi, waliposhuka kutoka Mbulu. Singe nzima inajua kwamba pale ni pagumu. Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia, "Pale? Nyumba ya bibi yenu ilikaa pale mpaka wenyewe wakaisha, haikutikisika hata siku moja." Nami nilikuwa nikilisikia neno hilo, naingia ndani kwangu kuutazama ufa wangu.

Wivu wangu kwa mdogo wangu haukuanzia kwenye kiwanja. Alipokuwa mdogo sana, shangazi yetu wa Dodoma, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuja kumwomba. Ndivyo ilivyokuwa desturi: ndugu asiye na mtoto anapewa mmoja amlee. Akamchukua yeye, mimi nikabaki. Akasomeshwa shule zenye madawati. Alikuwa akija Krismasi na viatu vyenye kifungo pembeni, anaongea Kiswahili cha redioni, na mama alikuwa akimfutia kiti kwa kanga kabla hajakalia. Mimi wakati huo nilikuwa nimejibanza jikoni na moshi machoni. Ile kanga inavyopita juu ya kile kiti, mpaka leo naiona.

Sasa huyo ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa anakaribia kustaafu, akasema anataka kurudi nyumbani kujenga. Amewatafuta wataalamu wa udongo kutoka Arusha, wangekuja wiki ile, naye hakuwa na ruhusa kazini.

"Dada, wewe uko hapo. Naomba unisimamie. Waonyeshe mipaka, wapatie chai."

Nikasema sawa. Ndipo akaongeza maneno yaliyonifanya niweke sare ya kwaya mezani.

"Na dada, kama watasema udongo haufai, mimi sitahangaika. Nina kipande changu cha ardhi huku Dodoma, nitajenga huku huku. Hapo pa bibi uchukue wewe."

Nikamwambia mtandao unakatika, arudie. Mtandao haukuwa unakatika. Akarudia vile vile.

Kuanzia pale sikuwa na ombi lingine kwa Mungu. Nilikwenda misa ya Jumapili nikapiga magoti muda mrefu kuliko kawaida yangu, na nilichoomba ni udongo mbovu. Hata sikujiuliza ningekifanyia nini kiwanja ambacho wataalamu wamekikataa. Nilitaka tu kisiwe chake.

Walikuja asubuhi na gari dogo la mizigo: injinia mmoja, ambaye ni binti wa umri wa wanangu, na vijana wawili wa kufanya kazi za nguvu. Binti akanipa shikamoo huku akikunja magoti kidogo, vizuri kabisa, nikaitikia marahaba huku nikitazama buti zake. Zilikuwa buti za ngozi zenye pua ya chuma, zimefungwa kamba hadi juu. Hata hizo nilizionea wivu. Hakuna aliyewahi kunivisha buti nikanyage ardhi yangu mwenyewe kwa namna ile.

"Mama, nyumba inatarajiwa kukaa wapi?" akaniuliza.

"Hapo katikati, ilipokuwa nyumba ya bibi. Mwenyewe kasema hapo hapo." Kisha, kwa uchungu, nikamwambia ukweli niliokuwa naujua. "Ila mnajisumbua. Hapo pagumu, kila mtu anajua."

"Tutaona, mama," akasema.

Kifaa chao hakikuwa na maajabu. Kilikuwa nondo ndefu yenye ncha, na juu yake nyundo nzito iliyopenyezwa kwenye nondo hiyo hiyo. Kijana anainua nyundo, anaiachia, inashuka kwa kishindo, nondo inazama kidogo. Injinia anahesabu mapigo na kutazama nondo imezama kiasi gani. Ikizama kidogo kwa mapigo mengi, udongo una nguvu. Ikizama haraka, hauna. Nilielewa mara moja, na tangu hapo nikawa nimesimama pale na sufuria ya chai mkononi nikiishabikia nondo izame.

Walianza kona ya juu, karibu na barabara. Nondo ikagoma. Kijana akapiga mpaka jasho likamlowesha fulana, nondo imesimama tu. Injinia akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Walihamia kona nyingine, ikawa vile vile. Nikawamiminia chai, nikaweka na viazi vitamu, lakini nakiri mkono ulikuwa mzito. Nilikuwa namwona baba kwenye kiti chake cha kamba. Alijua, nikasema moyoni. Alijua pagumu ni wapi na palaini ni wapi, akachagua nani akae wapi.

Baada ya chai wakahamia katikati.

Pigo la kwanza, nondo ikaingia kama kwenye gunia la pumba. Kijana aliyeshika nyundo karibu aangukie mbele. Akapiga tena, ikaendelea kuingia. Mwenzake akacheka, injinia hakucheka. Akaagiza waisogeze pembeni hatua chache, nako ikazama. Wakasogea tena. Kisha akasema maneno niliyoyasikia kama kengele ya kanisa: "Hapa pana tatizo. Chimbeni shimo."

Vijana wakashika majembe na sururu. Sururu haikuwa na kazi. Walichimba wakazama kiunoni, wakazama kifuani, na udongo uliotoka haukuwa mwekundu. Juu palikuwa na tabaka jembamba la udongo wa shamba, ambamo jamaa mmoja wa ukoo alikuwa akipanda mbaazi kila mwaka. Chini yake pakawa na kitu cha kijivu, laini, kinachopeperuka. Chini ya hicho, cheusi kinachonata. Kisha kijivu tena, kisha cheusi. Magunzi ya mahindi yaliyogeuka kama mkaa. Kipande cha kibuyu. Soli ya kandambili.

Injinia akaingia shimoni na buti zake, akachukua ule wa kijivu, akausugua vidoleni, akanusa. Akatoa kichwa nje kunitazama.

"Mama, hapa palikuwa na nini?"

Nilifungua mdomo kujibu kwamba palikuwa na nyumba ya bibi, na hapo ndipo nilipoelewa. Nyumba ya bibi haikuwahi kusimama pale juu ya ardhi. Ilikuwa ndani yake. Babu alijenga kama walivyojenga kwao Mbulu zamani, walipokuwa wanajificha wasionekane na waliokuja kuiba ng'ombe: unachimba ubavu wa mteremko, unapata chumba ndani ya ardhi, unaweka nguzo, unafunika kwa paa la miti na udongo lililo sawa na ardhi ya upande wa juu. Mtu anaweza kupita juu ya paa asijue. Bila shaka haikutikisika! Ingetikisikaje, wakati kuta zake zilikuwa mlima wenyewe? Na sisi wajukuu na majirani tukakaa miaka yote tukisema pale pagumu, nyumba ilikaa, huku tukisahau kwamba ilipokufa iliacha shimo.

Shimo lile nililijua. Paa liliporomoka nikiwa mtoto, ndama akatumbukia akavunjika mguu, baba akaamua lijazwe. Hakuleta kifusi. Alisema majivu yote ya jikoni na samadi yote ya zizini yaende pale. Na kutoa majivu, kwetu, ni kazi ya binti mkubwa.

Nilimweleza yule binti injinia yote, na nilieleza kwa furaha ambayo ingenitia aibu kama ningekuwa na nafasi ya kuona aibu. Nilivua kandambili, nikatembea pekupeku kwenye mbaazi nikimwonyesha: ukuta wa nyuma ulikuwa hapa, mlango ulitazama kule ziwani, zizi la ndani lilikuwa huku. Kila niliposimama alimwita kijana apige nyundo, na kila mara nondo ilithibitisha. Nje ya mstari wangu ikagoma, ndani ya mstari wangu ikazama. Alinitazama kwa heshima, akaniita "mama yangu".

Kisha akanieleza, kwa upole, kama anavyoelezwa mtu aliyefiwa. Nyumba ikikaa hapo, kingo zake zitakuwa kwenye udongo mgumu na tumbo lake kwenye majivu. Katikati patatitia, kingo zitabaki, nyumba itakatika. Ama yote yaliyojazwa yachimbwe yatolewe, msingi uanzie chini kabisa kwenye udongo halisi, na hiyo ni kazi kubwa. Ama mwenyewe ajenge kwingine. Hivyo ndivyo atakavyomwambia mdogo wangu.

Mwenyewe ajenge kwingine. Nilirudi kwangu chini nikiimba.

Nilikuwa bado naimba nilipokuwa naosha vikombe vyao, ndipo wimbo ukanikwama. Majivu yale yalikuwa yangu. Kila asubuhi kabla ya shule, karai lililotoboka kichwani, majivu yananiingia shingoni, baridi ya Juni inanikata miguu, nilipanda mteremko ule kwenda kuyamwaga. Utoto wangu wote ulikuwa ndani ya lile shimo. Na baba alikuja kumpa yeye. Hata majivu yangu alipewa yeye! Niliweka kikombe chini kwa nguvu kikavunjika kishikio.

Jumamosi mdogo wangu alifika mwenyewe. Alinipigia simu basi likiwa linapita Bonga, nikaenda kumpokea stendi na bajaji. Alikuwa amevaa gauni zuri la kitenge, la fundi mwingine, na nilikagua mishono yake njia nzima nisipate kosa. Hakutaka kupumzika. Tukapanda moja kwa moja hadi kwenye shimo, ambalo wataalamu walikuwa wameliacha wazi na kulizungushia matawi ya miiba.

Alilitazama. Kisha akakunja gauni, akashuka ndani, mtu mzima karibu na kustaafu, akasimama humo akigusa ukuta wa shimo kwa kiganja, tabaka baada ya tabaka.

"Haya yote ulimwaga wewe?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wewe ulikuwa Dodoma." Nilitaka imchome.

Akachota majivu kwa mkono. "Nilikuwa nakuonea wivu sana, dada," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikainama.

"Kwa shangazi nilikuwa sitoi majivu. Kulikuwa na dada wa kazi. Nikishika ufagio, shangazi anasema acha, wewe kasome. Nilidhani nikija nyumbani nitafanya kazi kama wewe. Nikifika, mama ananifutia kiti. Wewe unaitwa, kalete maji, kalete kuni, kamtazame ndama. Jina lako lilikuwa linaitwa kutwa nzima. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kile kiti nangoja na mimi nitumwe. Hakuna aliyewahi kunituma."

Jamani. Niseme wazi, nilichokisikia moyoni hakikuwa huruma. Nilikasirika. Miaka yote nimeutunza wivu wangu, nimeulisha, nimeuona una haki kuliko wivu wa mtu mwingine yeyote, na sasa mdogo wangu anatoa wa kwake na ni mzuri kuliko wangu. Yaani hata katika kuona wivu alikuwa amenizidi.

"Sasa kwa nini baba alikupa pa bibi?" nikauliza. Lilitoka kama kikohozi.

"Nilimuuliza. Alisema, mkubwa wako yuko nyumbani tayari, wewe huna pa kurudia." Akafuta mkono kwenye gauni, akaacha alama ya kijivu juu ya kitenge kile kizuri. "Haidhuru. Nilikuahidi. Udongo umekataa, kiwanja ni chako."

Nikamvuta akatoka. Tulikaa kwenye nyasi, ziwa likiwa mbele yetu, na nilikuwa nimepata nilichokiombea kwa magoti. Yeye akaanza kunisimulia Dodoma, nadhani kwa sababu alitaka kunipa furaha, nisione ameumia. Kipande chake kule ni kidogo lakini kina maji. Upande wa pili wa uzio anakaa mama mmoja, mjane, mcheshi sana. Mama huyo alishampa miche ya mchicha hata kabla hajajenga. Anamletea uji akiumwa. Wamepanga kwamba wakistaafu wote watakuwa wanakaa baraza moja jioni wakichambua mchele.

"Akiumwa nani?" nikauliza.

"Mimi. Mwaka jana niliumwa sana kifua. Alikaa na mimi hospitali."

Mwaka jana. Sikuwa nimeambiwa. Mtu mwingine alimpelekea mdogo wangu uji, na akajua ni uji gani unakaa tumboni mwake.

"Na nyumba yako ya kupanga, ukisafiri kama hivi, nani anaiangalia?"

"Yeye yeye. Ana ufunguo wangu siku zote."

Nilitazama kile kiwanja, chekundu pembeni na kijivu katikati, kiwanja changu sasa, na sikukitaka tena; nilichokitaka ni mchicha wa yule mama. Nilimwona akilini amekaa barazani na ungo wake magotini, anamcheka mdogo wangu, anamwita kwa jina kutwa nzima. Simjui, sijawahi kumwona hata picha. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

"Hujengi Dodoma," nikasema.

"Dada, udongo—"

"Udongo utachimbwa. Nimesema hujengi Dodoma."

Alinigeukia kunitazama usoni, aone kama natania.

"Leo nenda kachukue karai kwangu, liko nyuma ya jiko, utaanza kutoa majivu ya juu kabla sijawaita vibarua. Na ukirudi huko Dodoma, kitu cha kwanza, hata kabla hujavua viatu, uchukue ufunguo wako kwa yule mama."

Alisimama. Machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anatabasamu, akakimbia, kweli alikimbia, kushuka mteremko kwenda kulitafuta karai. Mimi nilibaki pale juu, bado nimemkasirikia yule mama.